Floti Haipimwi Mkononi

Nimechoka, vijana. Nianze na hilo, ili msije mkadhani anayewaandikia ni yule fundi mliyesimuliwa na baba zenu, aliyekuwa anaingia chini ya lori asubuhi na kutoka jioni akipiga mluzi. Huyo alikwisha. Aliyebaki anakaa Makoko kwa dada yake, magoti yanalia akiinuka, na vidole vya mkono wa kulia havikunjuki mpaka vishike kwanza kikombe cha chai ya moto. Pua nayo imekufa. Sisikii harufu ya kitunguu kinachoungua jikoni, ila petroli bado naisikia. Pikipiki inayomwaga mafuta ikipita hapo barabarani, mimi nimeshaijua kabla haijafika kona.

Nyinyi mnachomeka waya kwenye gari, kioo kinawaambia ugonjwa. Sina ugomvi na hilo. Ningekuwa nao huo waya, mgongo wangu ungekuwa bado mnyoofu. Lakini msiseme kabureta imekufa. Nendeni Mugango muone pampu za kumwagilia nyanya. Waulizeni bodaboda. Sikilizeni jenereta ya harusini inavyokohoa mzee akianza tu kutoa nasaha. Kote huko kuna kabureta, na ndani ya kabureta kuna floti.

Kwa asiyejua, floti ni kiboya. Kabureta ina kibakuli cha petroli, na ndani ya kibakuli kiboya hicho kinaelea. Petroli ikijaa, floti inapanda na kuisukuma sindano, sindano inaziba tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, floti inashuka, tundu linafunguka. Ni kama tangi la choo cha kuvuta. Ukilielewa tangi la choo, umeelewa nusu ya kazi iliyonizeesha.

Nusu ya pili ni usawa. Floti ikiruhusu petroli ipande mno, injini inalewa: moshi mweusi, plagi nyeusi iliyoloa, gari likiwa la moto haliwaki mpaka ulibembeleze. Ikiruhusu petroli kidogo mno, injini inashinda na njaa: inakohoa ukikanyaga mafuta, inapiga makofi kwenye bomba, plagi inakuwa nyeupe kama ugali wa sembe. Floti ina kiulimi cha bati kinachogusa sindano. Unakikunja hicho, kidogo sana, juu au chini. Kidogo sana maana yake ni pale unapodhani hujakunja kitu. Ukiona kwa macho kwamba umekunja, umeshaharibu.

Haya niliyafundishwa na Mzee Mafuru. Alikuwa na gereji Musoma mjini, uwanja wa vumbi na mabati manne, na alikuwa mtoto wa wavuvi wa Mugango aliyeukimbia uvuvi kwa sababu, kwa maneno yake, samaki hana spea. Ukitaka kujua kama floti imetoboka, unaitikisa sikioni: ikiwa petroli imeingia ndani, utaisikia ikicheza. Mzee Mafuru alikuwa haisikii, sikio la kushoto lilikuwa limeziba tangu utotoni. Naye, kwa bahati yetu mbaya, alikuwa na mazoea ya mkono wa kushoto. Alikuwa anatikisa floti kwenye sikio bovu, anatabasamu, anasema, "Nzima hii!" Nani angembishia? Gari lilikuwa linaondoka, linarudi kesho yake likinuka.

Mwisho akagundua njia ya maji ya moto. Unaizamisha floti kwenye maji ya moto, hewa ya ndani inatanuka, na kama kuna tundu utaona mapovu yakitoka palepale. Njia nzuri mpaka leo. Ila birika alilotumia lilikuwa la mkewe, na mkewe alikuwa na wageni wa jumuiya siku hiyo. Katekista alikunywa chai, akaitazama, akanywa tena, akauliza kwa upole kama maji ya Musoma yameanza kuwekewa dawa mpya.

Msitumie moto. Kuna fundi mmoja wa Bunda aliyekagua floti kwa kiberiti. Jina lake la ubatizo limesahaulika. Mpaka anastaafu aliitwa Nyusi.

Lakini somo kubwa la Mzee Mafuru lilikuwa jingine. Siku moja nilikuwa nimegeuza mfuniko wa kabureta juu chini, napima mwanya wa floti kwa kijiti, jinsi kila fundi anavyopima. Kipimo kilikuwa sawa. Nikaleta, nikitegemea sifa. Akaniuliza, kwa neno letu la kumwita kijana, "Mura, boya la wavu unalipimia wapi?"

"Mkononi, mzee."

"Basi kavue samaki mkononi."

Akaagiza beseni la maji. Akanitupia ndani floti mbili zenye umbo moja. Moja ikaelea juu juu, nyingine ikazama mpaka shingoni. "Huko kwetu," akasema, "boya likizeeka linakunywa maji. Ukilishika ni lilelile. Ukilitia ziwani, wavu wote unashuka. Mkono haujui. Maji ndiyo yanajua."

Sikuwa na mtu mwingine wa kunifundisha mambo kwa namna hiyo. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla majirani hawajamaliza kurudisha vyombo vya msiba wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Niliacha shule ya msingi katikati, kwa sababu madaftari hayapiki uji, nikawa na wadogo wa kulea, anayenifuata akiwa Sabina. Walioondoka duniani walikuwa wawili, lakini waliotukimbia walikuwa wengi zaidi. Walianza kusema nyumba ile ina mkosi. Jirani aliyekuwa anatugawia kijinga cha moto kila jioni alianza kusema moto wake umezimika, na huku moshi unatoka paani kwake. Miaka mingi baadaye wakaja watu kumposa Sabina. Walikula, walicheka, wakauliza wazazi wetu walikufaje na kwa kufuatana vipi. Hawakurudi. Hakuna aliyetuambia kitu usoni. Mkosi hauambiwi usoni, unapishwa njiani tu.

Nimeyataja haya ili muelewe kwa nini siku ile ya Masatu niliweka spana chini.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Bunda, kibanda changu kiko nyuma ya maduka ya spea. Masatu alikuwa kijana wa Butiama mwenye pikapu kuukuu. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya akina mama wa kule na kuyapeleka Musoma kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa na jiko kubwa la kulisha watu. Masharti ya mnunuzi yalikuwa mafupi: maziwa yakifika yameanza kuchacha, anatafuta mtu mwingine.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Breki tu. Zinalia kama mbuzi."

Nikafungua boneti kwa mazoea. Pua yangu ilikuwa bado hai wakati huo. "Na hii harufu?"

"Aah, hiyo. Ilikuwaga inazimika kilimani. Ukitoka Butiama, pale baada ya kalavati. Inakohoa, inatoa moshi kama tanuri la matofali, kwisha. Tambarare haina neno. Nikiwa mtupu haina neno. Ni asubuhi tu, na maziwa."

"Umewapelekea mafundi?"

"Wote! Wamebadilisha plagi, koili, pampu ya mafuta. Mmoja alinibadilishia na taa, sijui aliona nini."

"Floti je?"

"Ilitoboka, ikalehemiwa njiani huko. Tangu hapo kila fundi anaipima na kusema kipimo kiko sawa. Lakini usihangaike, fundi. Ile ya kilimani tumeshaipatia dawa."

"Dawa gani?"

Akapunguza sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Tumeacha kubeba maziwa ya Nyangeta."

Nyangeta, akanieleza, alikuwa mjane mdogo anayekaa mwisho wa kijiji, mbele ya Mwitongo. Mumewe alikufa ghafla na kumwachia watoto na ng'ombe wachache wa maziwa. Baada ya msiba akaanza kuleta madumu yake kwenye pikapu kama wenzake. Ni majira hayohayo pikapu ilipoanza kuzimika. Bibi Nyabise, shangazi wa marehemu, naye mleta maziwa wa siku nyingi, ndiye aliyesema kwa sauti kile wengine walichokuwa wanawaza: yale maziwa hayataki kuvuka. Wakajaribu kuyaacha. Pikapu ikapanda kilima.

"Siku ya kwanza ikapanda," Masatu akasema. "Siku ya pili ikapanda. Tukayarudisha, ikazimika. Sasa fundi, wewe ungesemaje?"

"Naye anauza wapi sasa?"

"Hauzi. Anawapa ndama. Na Jumapili baada ya misa ukoo unakaa. Wanasema mwanamke wa namna hiyo hawezi kuachiwa mifugo. Ng'ombe warudi kwa shemeji zake, naye akatafute kwao."

Nikaweka spana chini. Nikamwambia, "Breki nitakutengenezea. Lakini kesho tunakwenda wote Butiama, na nataka kilimani tupande na mzigo kamili."

"Na maziwa ya Nyangeta? Fundi, yakichacha nimekwisha!"

"Maziwa yake yabaki. Tutaweka kitu kingine."

Tulifika Butiama kumeanza kupambazuka. Akina mama walikuwa wamesimama na madumu yao. Nikaona jinsi wanavyopakia: anayekaa karibu anawahi, dumu lake linakwenda mbele, nyuma ya kichwa cha gari, anayekaa mbali anachelewa, lake linakaa mkiani, nyuma kabisa ya matairi. Nyangeta ndiye aliyekaa mbali kuliko wote. Alikuwepo asubuhi hiyo, amesimama pembeni na madumu mawili makubwa yaliyojaa, kana kwamba siku moja dereva angesahau na kuyachukua. Wenzake walikuwa wameacha nafasi kumzunguka. Niliifahamu nafasi ile. Nimekulia ndani yake.

Nikamwomba madumu matupu ya ukubwa uleule. Akaniangalia. "Ya nini, kaka?"

"Nataka maji."

"Maji yangu hayatawaua?" Aliuliza bila kucheka, lakini ilikuwa mzaha.

"Siyo maji yako. Ya bomba pale, wanapochota wote."

Nikayajaza mbele ya macho yao, nikayapandisha mkiani, pale yalipokuwa yanakaa maziwa yake. Springi za nyuma zikazama, pua ya pikapu ikainuka kidogo kama ng'ombe anayenusa mvua. Bibi Nyabise alikuwa ameegemea fimbo yake. "Fundi huyu anasafirisha maji kuyapeleka ziwani," akasema, na akina mama wakacheka. Nami nikacheka. Ilikuwa kweli inachekesha.

Tukaondoka. Tambarare haikuwa na neno. Tukavuka kalavati, tukaanza kupanda. Masatu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na midomo yake inacheza, nadhani alikuwa anasali. Katikati ya kilima pikapu ikakohoa. Ikakohoa tena. Moshi mweusi ukafunika vichaka vya nyuma, injini ikanyamaza.

"Fundi!" akapiga kelele. "Imezimika! Maziwa yao yako humu!"

"Imezimika na maji ya bomba," nikamwambia. "Bomba halijafiwa na mtu."

Akanitazama, akageuka kuyatazama yale madumu ya maji, akanitazama tena. Kisha akakumbuka jua. "Sasa tunafanyaje? Hii saa si ya kukaa hapa, mura!"

Hapa ndipo nataka muwe makini, vijana, kwa sababu mafundi waliotangulia hawakuwa wajinga. Walipima. Kipimo kilikuwa sawa kweli.

Tuliiachia pikapu irudi nyuma taratibu mpaka tambarare ya kalavatini, kwa sababu huwezi kusoma usawa wa mafuta gari likiwa limeinama. Nikatoa plagi: nyeusi, imeloa. Injini imelewa. Nikafungua mfuniko wa kabureta, nikaugeuza, nikapima mwanya wa floti. Sawasawa. Nikaitikisa floti sikioni, na masikio yangu yalikuwa mazima yote mawili. Kimya. Haijaingia petroli. Fundi wa kawaida angefunga hapo na kuanza kutafuta ugonjwa kwenye taa.

Lakini nilipoigeuza juani nikaona donge la lehemu. Yule wa njiani alipoziba tundu hakuweka tone, aliweka chunusi, risasi nzito iliyong'ang'ania shaba. Mkononi huisikii. Kijiti hakiioni, kwa sababu kijiti kinapima umbali, hakipimi uzito. Ila ndani ya petroli floti ile ilikuwa inazama zaidi, na ili iinue sindano na kuziba tundu, ilibidi petroli ipande zaidi.

Nikafanya alichonifundisha Mzee Mafuru: kupima kwenye maji. Chini ya kibakuli kuna skrubu ya kumwagia. Niliitoa, nikachomeka mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, nikauinua ubavuni mwa kibakuli, nikamwambia Masatu azungushe starta kidogo. Petroli ikapanda kwenye mpira na kusimama. Usawa wa petroli kwenye mpira ni usawa wa petroli ndani, haudanganyi. Ilisimama karibu na ukingo wa juu.

Sasa hebu fikirini mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa mpaka mdomoni. Kwenye sakafu anatembea salama. Apande mlima, amelielekeza bakuli nyuma, unamwagika. Kabureta ya pikapu ile kibakuli chake kiko mbele na tundu la kunyunyizia liko nyuma yake. Kilima kinainua pua, madumu ya mkiani yanaiinua zaidi, petroli inamwagikia injini, nayo injini inazimika kwa ulevi. Ondoa madumu mawili ya mwisho, pua inashuka kidogo, uji unabaki bakulini kwa bahati. Ndiyo maana walipoacha maziwa ya Nyangeta gari lilipanda. Hawakusema uongo. Waliona walichokiona. Kilichokuwa kimezidi ni uzito, nao wakautafutia jina la mtu.

Nikakunja kiulimi. Nikafunga, nikapima kwenye mpira. Bado juu. Nikafungua tena, nikakunja tena, jasho linadondokea kwenye kabureta na Masatu anazunguka pikapu akigusa madumu kama mtu anayempima mtoto homa. Mara usawa ukakaa palipotakiwa. Nikakausha plagi, tukawasha, tukapanda na maziwa ya wote na maji ya bomba mkiani. Pikapu ikapita pale ilipokuwa inafia bila hata kikohozi. Masatu alipiga honi kilimani bila kuwa na mtu wa kumpigia.

Musoma mnunuzi alifungua kila dumu, akanusa. Alinusa la mwisho kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Akakubali. Kisha akafungua yale mawili ya maji, akatutazama sisi, akayafunga. Hakuuliza. Nadhani aliona watu wa Butiama wana mambo yao.

Nikapitia kwa Mzee Mafuru. Alikuwa amezeeka, sikio la pili nalo limeanza kufuata la kwanza. Nilimpa ile floti yenye donge. Akaipima kiganjani, akaitumbukiza kwenye ndoo, akacheka mpaka akakohoa. Akanitolea kwenye kopo lake floti mbili nzima. Moja nikaifunga kwenye pikapu na kuipima upya kwa mpira. Ya pili nikaitia mfukoni pamoja na ile mgonjwa, bila kujua nitaifanyia nini.

Nilijua tuliporudi Butiama mchana. Akina mama walikuja kuchukua madumu yao matupu, na Masatu, kwa furaha, alikuwa ameshatangaza kwamba gari limepona. Bibi Nyabise akaja kunipa mkono. "Mganga mzuri huyu," akawaambia wenzake. "Watu wa ziwani wana dawa. Amelitoa hilo balaa."

Mkono wangu ukabaki ndani ya mkono wake. Kama nimelitoa, basi lilikuwepo. Na Jumapili ilikuwa bado haijafika.

"Bibi," nikasema, "nipatie beseni la maji."

Likaletwa. Nikatoa zile floti mbili, nikamwekea mkononi. "Zipime."

"Sawasawa," akasema.

"Zitie majini."

Akazitia. Moja ikakaa juu kama bata. Nyingine ikazama mpaka ikabaki kichwa tu. Wanawake wakasogea. Mmoja akaisukuma kwa kidole. Ikashuka, ikarudi palepale, chini.

"Hiyo ya kuzama ndiyo inazima gari?" Bibi Nyabise akauliza.

"Ikipata mzigo mkiani, kwenye mlima."

"Mzigo wowote?"

"Leo asubuhi ilizimika na maji ya bomba, bibi. Na maziwa yako yalikuwemo humohumo."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Bibi Nyabise alilitazama beseni kwa muda, fimbo yake imesimama. Nyangeta alikuwa amesogea bila watu kugundua, na hakuna aliyempisha, kwa sababu wote walikuwa wameinama. Akaingiza mkono kwenye maji, akaitoa ile floti mgonjwa, akaifuta kwa kanga.

"Hiki kidude," akasema, "ndicho kilikuwaga kinaniita mkosi?"

Hakuirudisha. Aliifunga kwenye ncha ya kanga, nami sikuidai.

Nililala kwa Masatu siku hiyo ili nione mwisho wake. Kesho yake asubuhi Nyangeta alikuja wa mwisho, kama kawaida, kwa sababu umbali ni umbali. Masatu akataka kuyaweka madumu yake mbele, kwa heshima. "Hapana," akasema Nyangeta. "Yaweke palepale." Tukapanda kilima nimekaa mkiani pamoja nayo, nimeweka mkono juu ya dumu moja. Nilisikia maziwa yakicheza ndani. Injini haikubadilisha sauti.

Mkutano wa Jumapili sikuhudhuria, si ukoo wangu. Masatu ndiye aliyenisimulia alipokuja kwa ajili ya zile breki, maana nilikuwa nimezisahau. Alisema wanaume waliongea sana. Kisha Bibi Nyabise akainuka kwa fimbo yake, akasema, "Nimeona kwenye beseni," akaketi. Ng'ombe hawakuhamishwa. Lakini Masatu aliniambia pia kwamba wako akina mama wawili ambao bado wanaomba madumu yao yasigusane na ya Nyangeta. Floti niliweza kuirekebisha. Wengine hawana kiulimi cha kukunja.

Nilipokuja Makoko kumsalimia Sabina, nilimsimulia yote. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa vijiwe na makombe. Nilimwambia habari ya moshi, ya mpira, ya mnunuzi aliyefungua madumu ya maji. Alicheka hapo. Nilipofika kwenye beseni aliacha kucheka, lakini vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Kwa hiyo kilichotakiwa ni dumu la maji tu," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Sisi hakuna aliyetujazia."

Yule ni mtu niliyemlea, nikamtafutia uji, nikamtafutia sare, na sikuwahi kumtafutia hilo. Nilikuwa mtoto, naye mtoto, na hatukujua kwamba jambo kama hilo linaweza kupimwa. Leo ndiye ananipikia chai ya kunyooshea vidole, na ungo ni uleule.

Basi, vijana, kiulimi mnakikunja kidogo sana, usawa mnausoma kwenye mpira, na moto mnauweka mbali. Hayo mtayajua tu, kama si kwangu basi kwa nyusi zenu. Lakini gari likiletwa na jina la mtu juu yake, kabla hamjafungua boneti, tafuteni madumu. Bomba liko pale wanapochota wote.